Siku Kumi za Mdogo Wake

Madereva walikuwa wameisha. Hilo ndilo lililoanza yote, na anayetaka kumlaumu mtu aanzie hapo. Kwenye ile yadi ya malori, upande wa ukuta wa nyuma, magari kumi na manne yalikuwa yameegeshwa, tairi zimepasuka kwa jua, majani yameota mpaka kwenye ngazi za kabini, na mbuzi wa mlinzi wanajilia chini ya injini za mamilioni. Magari mazima, mafuta yapo, mizigo imejaa ghalani mpaka mlangoni. Wa kuyaendesha ndio hakuna! Wengine walikimbilia ng'ambo kwenye mishahara ya maana. Wengine migongo iligoma. Watatu walizikwa msimu mmoja wa mvua, na jeneza la mmoja wao lilikuwa jepesi mno, kwa sababu tangi alilokuwa akivuta lilishika moto. Nani sasa anataka kazi ya kulala nyuma ya kiti, urudi nyumbani mtoto amuulize mama yake huyu mgeni ni nani?

Kwa hiyo Mama Ratiba, mwanamke mwenye sauti ya king'ora aliyekuwa akipanga safari pale ofisini, alipomwona Pilipili mlangoni akiomba safari ndefu pamoja na shemeji yake, aliweka kalamu chini akamtazama vizuri. Kwenye kazi ile ndugu hawapangwi gari moja. Ni sheria ya wakongwe wa barabara. Haikuandikwa popote, lakini kila yadi inaijua: gari likipinduka, ukoo mmoja usizike wawili.

"Wewe na Shangwe?" Mama Ratiba akauliza.

"Mimi na Shangwe."

"Si wewe uliyesema mbele ya watu kwamba ukikaa naye meza moja utamchoma uma?"

"Siku hiyo nilikuwa na njaa."

Mama Ratiba akacheka mpaka akajifuta macho. "Haya. Mifuko mia sita ya saruji, kwenda mgodini. Kwenda na kurudi ni siku kumi. Asubuhi sikuwa na dereva hata wa dawa, sasa Mungu ananiletea wawili, halafu nianze kuuliza maswali? Chukueni gari. Mkitaka kuchinjana, mchinjane mkishashusha mzigo."

Sasa huyo Shangwe. Jina alipewa na madereva wenzake, kwa sababu akiingia mahali, mahali panachangamka. Mtu mrefu, mabega mapana, kicheko chake unakisikia tangu getini. Lori lako likinasa matopeni, yeye ndiye wa kwanza kushuka. Ukifiwa, yeye yuko mbele kwenye jeneza. Na akirudi nyumbani akakuta chumvi imezidi, au mtoto analia, au mlango umechelewa kufunguliwa, anampiga mkewe mpaka majirani wanaongeza sauti ya redio. Miaka tisa hiyo! Mke mwenyewe ni mdogo wake Pilipili, tumbo moja, na wazazi walishatangulia, kwa hiyo wamebaki wao wawili.

Pilipili naye hakuitwa hivyo bure. Mfupi, mwembamba, hasira zake ziko juu juu kama maziwa yaliyo jikoni. Mara mbili alishamvaa Shangwe. Mara ya kwanza aling'olewa jino. Mara ya pili alimpasulia shemeji yake chupa kichwani, wakashonwa wote wawili zahanati moja, benchi moja, hawasemeshani. Na mara zote mbili Shangwe alirudi nyumbani akaimalizia ile hasira kwa mkewe.

Wiki moja kabla ya safari, Pilipili alimkuta mdogo wake jikoni anakata vitunguu kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa. Taya lilikuwa limevimba, maneno yanatokea upande mmoja wa mdomo.

"Leo namuua," Pilipili akasema, akageuka mlangoni.

"Kaa chini, kaka."

"Namuua kwanza, ndipo nikae."

"Nimesema kaa!" Akakipiga kibao kwa kisu, vitunguu vikaruka. Pilipili akakaa. "Wewe ukishampiga unapumua, unakwenda zako. Anayebaki naye ni mimi. Hujawahi kuliona hilo?"

Pilipili akainama. Akaanza kuokota vitunguu sakafuni.

Mdogo wake akamsogelea, akashusha sauti. Alikuwa amepata kazi ya matroni kwenye bweni la wasichana, mji mwingine, wala asimuulize upi. Kuna chumba chenye vitanda viwili, kuna shule ya watoto hapo hapo. Kilichomshinda ni kutoka. Siku hizi Shangwe alikuwa anapangiwa safari fupi fupi, leo yupo kesho hayupo, na mara ya mwisho alimkuta mkewe na begi mlangoni. Lile taya ndilo lilikuwa jibu la begi.

"Nipe siku kumi, kaka. Mpeleke mbali siku kumi, akirudi akute nyumba tupu. Basi. Usimguse, usimtukane, usimwambie neno."

"Siku kumi kabini moja na yule mbwa?"

"Kama huwezi, niambie sasa hivi nitafute njia nyingine."

"Naapa mbele ya..."

"Usiape! Ukianza kuapa ndipo unaponitia hofu. Ng'ata ulimi, shika usukani, rudi. Kuna ugumu gani hapo?"

Akaahidi. Na haki ya Mungu, alimaanisha.

Wakatoka yadini Jumatatu asubuhi, tela limejaa, turubai limekazwa. Gari la madereva wawili lina jambo moja ambalo watu wa ofisini hawalijui. Mmoja akiwa kwenye usukani, mwenzake analala kwenye kitanda chembamba nyuma ya viti, na kulala pale ni kumkabidhi mtu roho yako. Shangwe alipanda akakoroma kabla hawajamaliza mzunguko wa kwanza wa barabara. Zamu ilipogeuka, Pilipili alijilaza macho makavu, anahesabu misumari ya dari. Shangwe anaimba mbele, anapiga honi kwa kila lori linalopita, anataniana na askari wa vizuizi mpaka wanamfungulia njia. Mwanaharamu huyu, Pilipili akawaza, hata kumchukia ni kazi.

Siku ya pili, saa nane mchana, walikwama kwenye foleni ya mizani. Malori yamepangana mpaka upeo wa macho, injini zimezimwa, joto linapanda kutoka kwenye lami. Zamu ilikuwa ya Pilipili. Alitupa jicho kwenye kioo cha pembeni akaona turubai linatikisika bila upepo. Mtu yuko juu ya tela, kashachana turubai kwa kisu, anarusha mifuko ya saruji, na wenzake watatu wako chini wanapokea. Madereva wa mbele na wa nyuma walikuwa wameshapandisha vioo. Kila mtu alilijua genge lile, na hakuna aliyekuwa na hamu ya kufia saruji ya tajiri.

Mtu mwenye akili angepiga honi. Pilipili akaruka chini mikono mitupu! Alimdaka wa kwanza shingoni kwa nyuma, akamsukumiza uso kwenye kona ya tela, damu ikachirizika puani. Kabla hajageuka, nondo ikamshukia mgongoni. Magoti yakaisha. Nondo nyingine kwenye mbavu, akalala chali, na mtu mwenye fulana nyekundu akamkanyaga kifuani na kuinua panga.

Panga halikushuka. Spana ya magurudumu, chuma kizima cha urefu wa mkono, ilitua kwenye kiwiko cha yule mtu, na kiwiko kikalia kama kuni kavu. Shangwe alikuwa ameshuka pekupeku, shati wazi, usingizi bado umemjaa machoni. Wenzake wa yule mtu wa fulana nyekundu wakatimka. Yeye hakuweza. Alipiga magoti, ameshika mkono wake unaoning'inia, anasema, "Basi, kaka, basi."

Shangwe akampiga mbavuni. Kisha mkono wa pili. Kisha mdomoni. Hakuwa na haraka, hakuwa hata na hasira. Anapiga, anavuta pumzi, anachagua mahali, anapiga tena, na uso wake umetulia kabisa, uso wa mtu anayefanya kazi anayoijua. Pilipili alimtazama kutoka pale chini. Huu ndio uso ambao mdogo wake alikuwa akiuona jikoni kwa miaka tisa.

"Shemeji! Inatosha! Utamuua!"

Shangwe akasimama. Akamtazama yule mtu aliyekuwa akitema meno, kisha akamtazama Pilipili, na lile tabasamu lake la siku zote likarudi. "Shemeji nawe, umeniharibia usingizi." Akamwinua kwa mkono mmoja, akampangusa vumbi la saruji mgongoni, akampa maji.

"Ahsante, shemeji," Pilipili akasema.

"Ahsante ya nini? Ukifa wewe, nani ataniendeshea nilale? Madereva wenyewe wako wapi siku hizi?" Akaangua kicheko mpaka madereva wa jirani, walioshusha vioo sasa, wakacheka naye.

Tangu saa ile Pilipili alibeba mambo mawili kifuani, na hayakupatana. Mtu huyu ameniokoa. Mtu huyu anamfanyia mdogo wangu vile. Akayabeba siku ya tatu nzima, mbavu zinamuuma kila gari likirukia shimo, na ulimi ameung'ata kama alivyoagizwa.

Siku ya nne, asubuhi, walipokuwa wakipanda safu ya milima ya mwisho kabla ya mgodi, Shangwe aliishusha simu sikioni akaiweka mapajani.

"Simu ya mke wangu haipatikani. Tangu jana."

"Mtandao huo."

"Nimempigia jirani. Anasema jana kaona gari dogo linapakia magodoro."

Moyo ulimruka Pilipili kwa furaha, na ilibidi ageukie dirishani asionekane. Ametoka! Mdogo wake ametoka, na watoto, na magodoro. Kazi ilikuwa imekwisha hapo, kama angejua. Kilichobaki kilikuwa kukaa kimya siku sita nyingine, jambo ambalo hata gunia linaliweza.

"Tukishusha mzigo hatulali," Shangwe akasema, sasa bila tabasamu. "Na nitampata, shemeji. Mwanamke wa dereva atajificha wapi? Kila mji nina rafiki. Nikiuliza kwenye yadi tatu nne, jioni najua ameshukia wapi. Halafu nitamfundisha adabu ambayo hajawahi kuiona."

Mikono ya Pilipili mapajani ilikuwa imekunja ngumi bila yeye kujua.

Wakaanza kuteremka. Mteremko ule ni wa kilomita kumi na tano, kona juu ya kona, bonde upande wa kushoto. Walipofika katikati kabini ikajaa harufu ya breki zilizoungua, na Shangwe, aliyekuwa akiendesha, akasema, "Tela linanisukuma." Breki za tela zilikuwa zimelegea. Zilitakiwa kukazwa kabla ya safari, lakini yadi ilikuwa imebaki na fundi mmoja wa magari yote, na gari lenye dereva halingoji fundi, linatolewa lilivyo. Shangwe akalibembeleza mpaka kwenye kipande kipana kando ya barabara, pameinama kidogo, akasimama.

Kukaza breki za tela ni kazi ya watu wawili, na kila dereva mkongwe anaijua kama anavyojua kufunga kamba za viatu. Unaweka mawe makubwa mbele ya magurudumu. Unaachia breki ya mkono ili magurudumu yawe huru. Mmoja anaingia chini na spana, anakaza kikazio kimoja baada ya kingine. Mwenzake anakaa kwenye usukani. Wa chini akisema kanyaga, anakanyaga. Akisema achia, anaachia. Kanyagio likiachiwa, tani arobaini na kitu zinaegemea mawe tu. Na wakongwe wanasisitiza: fanya kwenye tambarare, na injini iwe inaunguruma, maana breki za lori zinafanya kazi kwa upepo, na ni injini inayoujaza. Ukikanyaga na kuachia injini ikiwa imezimwa, upepo unakwisha.

"Nenda kwenye usukani, shemeji," Shangwe akasema, akivua shati. "Wewe na mbavu zako hutaweza kuingia chini."

Akaweka mawe manne. Akajilaza chali, akajisukuma chini ya tela mpaka miguu ikapotea.

"Kanyaga!"

Pilipili akakanyaga.

"Achia!"

Akaachia. Gari likaegemea mawe, likatulia. Wakaendelea hivyo, gurudumu la kwanza, la pili, kazi inakwenda. Na Shangwe, kwa kuwa hajui kunyamaza, akaanza kupayuka kutoka kule chini.

"Unajua, shemeji, mdogo wako ni kama breki hizi. Usipomkaza mara kwa mara analegea. Kosa langu nilimwacha wiki nzima bila kumkaza. Kanyaga!"

Pilipili akakanyaga. Masikio yalikuwa yakimpiga kelele. Mkono wake, wenyewe tu, ukaenda kwenye ufunguo ukazima injini.

Kimya kikaanguka pale mlimani, wakawa wanasikia ndege.

"Mbona umezima?" Shangwe akauliza.

"Nataka tusikizane."

"Washa gari, shemeji. Upepo utakwisha."

"Sema hutamgusa tena mdogo wangu."

Kutoka chini kikaja kicheko, kifupi, cha mtu asiyeamini. Pilipili akaachia kanyagio. Psssh! Tela likajikokota, mawe yakalalamika, kicheko kikakatika katikati. Akakanyaga tena, likashika.

"Umepata wazimu? Niko chini ya gari!"

"Najua uliko. Sema."

"Shemeji, nisikilize..."

Psssh. Chuma kikanguruma, vumbi likadondoka. Psssh, akakanyaga. Tazama anavyofanya, kiumbe cha Mungu! Mtu aliyeombwa kunyamaza tu! Na jambo la aibu, alilolikiri mwenyewe baadaye, ni kwamba alikuwa anaona raha. Miaka tisa ya kuokota vitunguu sakafuni ilikuwa inatoka mguuni mwake.

"Sitamgusa!" Shangwe akapiga kelele. "Sitamgusa tena, naapa!"

"Sema hutamtafuta."

"Sitamtafuta! Mama yangu! Nitoe hapa!"

Hapo basi. Angekuwa mtu mwingine, angewasha injini, au angevuta breki ya mkono, akamwacha mtu atoke na hofu yake. Alikuwa ameshapata alichotaka, na zaidi. Lakini hasira ni mgeni asiyejua kuaga. Pilipili akataka kusikia mara moja tu zaidi, ile sauti nyembamba, ya mtu mkubwa anayelia.

"Sikusikii," akasema, akaachia.

Jiwe la nyuma upande wa kulia lilikuwa la udongo mgumu, lile linalodanganya macho. Likapasuka. La pili likateleza. Gari likaanza kwenda, taratibu, kama ng'ombe anayeinuka. Pilipili akakanyaga kwa nguvu zake zote, na kanyagio likazama mpaka chini, tupu, upepo umekwisha wote kwenye mchezo wake. Akavuta breki ya mkono. Breki zilikuwa nusu zimekazwa na nusu hazijakazwa, zikasaga, zikasaga, zikashika. Lori lilikuwa limetembea mita moja na nusu. Mbele ya kioo hakuna kilichobadilika, bonde lile lile, kona ile ile, na nyuma yake Shangwe alikuwa akilia kwa sauti ambayo Pilipili anaisikia mpaka leo akiwa anakunywa chai.

Gurudumu la mwisho lilikuwa limepita juu ya miguu yote miwili na kusimama nusu juu yake. Ilibidi awashe injini, asubiri upepo ujae, na asogeze gari, huku mtu anamwomba asisogeze. Akalisogeza. Akakata kamba za turubai akafunga mapaja, mikono inateleza kwa damu, anasema, "Nisamehe, nisamehe, nisamehe," na Shangwe anamshika shati, uso umepauka kama saruji. Dereva wa lori la mafuta aliyekuwa akiteremka akasimama, wakampakia, wakamkimbiza.

Hospitali wakaikata yote miwili, mmoja juu ya goti, mmoja chini yake. Polisi walipomhoji, Shangwe alisema mawe yaliteleza. Kwa nini? Labda kwa sababu angesema kweli, ingebidi aseme pia alivyolia na alichoapa. Akasema tena kwamba kama si shemeji yake kumfunga zile kamba angekufa pale pale. Kwa hiyo Pilipili aliporudi yadini alipokewa kama shujaa. Mlinzi alimpigia saluti. Mama Ratiba alimkumbatia, akampa siku tatu za kupumzika, na siku ya pili akapiga simu.

"Vipi, hali yako? Pole sana. Sikiliza, lile la saruji kuna mtu amelisafisha, lipo getini. Unaweza kutoka kesho?"

"Mama, mimi ndiye niliye..."

"Usiniambie habari za kujilaumu! Ajali ni ajali. Nina magari kumi na tano sasa hayana watu. Kesho, eh?"

Alijaribu kumwambia mara mbili nyingine. Mara zote mbili alikatizwa na mzigo.

Wiki ya saba ndipo alipopiga moyo konde akaenda nyumbani kwa mdogo wake. Nyumba ile ile. Alikuwa amerudi. Alikuwa amekaa kule kwenye chumba cha bweni siku mbili, vitanda vimetandikwa, watoto wamepimwa sare, ndipo madereva rafiki zake Shangwe wakagundua alipo, simu ya baba mkubwa wa Shangwe ikamfikia. Wazee wa upande wa mume walikuja na gari kumchukua. Hawakumtukana, hawakumfokea. Walimwambia tu kwamba mke wa mtu mwenye afya yake anaweza kukasirika akaondoka, lakini hakuna mke anayemkimbia mume aliyekatwa miguu, na kama atabaki kule, watoto watarudi peke yao. Bweni likampa kazi mtu mwingine.

Pilipili alimkuta jikoni. Mwembamba zaidi. Anachemsha maji ya kumwogesha mgonjwa. Wakasalimiana, akakaa kwenye kigoda kile kile, hajui mikono aiweke wapi. Kutoka chumba cha mbele ikaja sauti, ile ya kuchangamsha mahali, sasa imekuwa nzito: "Wewe! Maji mpaka kesho?" Mdogo wake akajifuta mikono, akaingia na beseni. Pilipili alisikia maneno machache ya chini, kisha kitu kikaanguka, kisha mlio mmoja mkavu anaoujua. Mdogo wake akarudi nguo imelowa kifuani, anajishika shavu. Akachukua sufuria nyingine, akaanza kuchemsha upya.

"Ondoka," Pilipili akasema. "Leo hii. Mtu hana miguu, mdogo wangu, hawezi kukufuata hata mpaka mlangoni."

"Na mimi nikiondoka, nani anamgeuza? Nani anampeleka chooni? Na watoto wabaki kwa nani, kaka?" Hakugeuka. "Nikuulize. Ulimgusa?"

Angeweza kusema mawe yaliteleza. Kila mtu alikuwa ameshakubali mawe yaliteleza.

"Nilitaka aape tu," akasema. "Nilitaka aape kwamba hatakugusa."

"Akaapa?"

"Akaapa."

Mdogo wake akatikisa kichwa polepole. "Mimi ameniapia miaka tisa," akasema. Ndipo akageuka, na alama za vidole vinne zilikuwa zimeanza kuinuka shavuni. "Nilikuomba siku kumi, kaka. Ulikuwa umebakiza sita. Umemkata miguu. Kwani lini alinipiga kwa miguu?"

Maji yakaanza kuchemka. Akayamimina kwenye beseni, akayapima kwa kiwiko kama anayeogesha mtoto mchanga, akayabeba, akaingia nayo ndani.